Salio la Mwalimu Ambakisye

Hii nimetumiwa na dada yangu leo asubuhi nikichambua maharage, nikaisoma mara mbili na maharage yakasubiri. Nakupitishia na wewe. Ukimaliza, mpelekee mtu mmoja tu, yule ambaye jina lake litakujia lenyewe.

Alikuwepo mwalimu mstaafu wa hesabu, jina lake Ambakisye, katika kijiji cha wakulima wa chai huko nyanda za juu kusini. Kijiji hicho kina umeme wake chenyewe, wa maporomoko ya mto, na unasimamiwa na chama cha wanakijiji.

Utaratibu wao ni mwepesi. Kila nyumba inajipangia kiasi chake, na inakatwa hichohicho kila mwezi, iwe imetumia sana au kidogo. Ukitumia zaidi ya ulichokatwa, unadaiwa. Ukitumia pungufu, kinachobaki kinakaa kwenye akaunti yako kama salio.

Mwalimu aliiagiza benki imkate shilingi elfu ishirini kwenye pensheni. Miaka ikapita, hakuna aliyemdai.

Kisha mkewe, Subilaga, akaugua mapafu. Hospitali wakamruhusu arudi nyumbani na mashine ya oksijeni, kwa sharti kwamba isizimwe hata saa moja. Mashine ile ilikula umeme kwelikweli. Mwalimu akapiga hesabu palepale kitandani kwa mgonjwa: sasa watatumia elfu thelathini na tano kwa mwezi. Pungufu ni elfu kumi na tano, na hakuwa nayo.

"Iwake tu," alimwambia mkewe. "Deni niachie mimi."

Iliwaka miezi kumi na minne. Siku Subilaga alipofariki, Mwalimu aliizima kwa mkono wake mwenyewe. Nyumba ikawa kimya hata akawasikia kuku wakiparua nje.

Baada ya msiba, barua za chama cha umeme zikaanza kuja. Ya kwanza aliiweka kabatini bila kuifungua. Ya pili akaiweka juu ya ya kwanza. Ya tatu hakutaka hata kuishika. Mjumbe aliiacha juu ya kiti, na Mwalimu akahamia kiti kingine.

Alijua zinasema nini. Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na miwili hahitaji kuambiwa anadaiwa. Kilichomkera ni aibu. Wazee wa chama wote walikuwa wanafunzi wake.

Akaamua kulipunguza deni kimyakimya. Friji akaichomoa. Redio, ambayo yeye na Subilaga walikuwa wakiisikiliza kila siku, akaifunika kitambaa. Akabaki na taa moja ya jikoni, nayo aliizima akishaosha sahani. Aliishi hivyo miezi kumi.

Siku moja saa nne asubuhi karani wa chama, dada mmoja aitwaye Bupe, akapiga hodi mwenyewe, na faili kwapani. Mwalimu alipomwona alivaa koti lake la shule, akatoka nje, akasimama wima kando ya mita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Najua kilichokuleta. Kata, sina ugomvi na wewe."

Bupe akamtazama. "Nikate nini?"

"Umeme."

"Mwalimu, mimi nimekuja kukuomba uchukue hela yako! Tumekuandikia barua tatu. Una salio la laki tatu, na utaratibu hauturuhusu kukaa na salio kubwa hivyo. Uchague: tukurudishie, au tukupunguzie makato, au ulihamishie kwingine. Tunachotaka ni saini yako tu."

Mwalimu alikaa kwenye ngazi ya mlango. Laki tatu! Wiki ile alikuwa amekopa sukari kwa jirani. Angeweza kutia saini, akashukuru, akafunga mlango, na hakuna mtu duniani ambaye angemuuliza. Bupe alikuwa tayari anamnyooshea kalamu.

Aliipokea kalamu, lakini hakutia saini. Aligeuza bahasha iliyokuwa mkononi mwa Bupe, akaanza kuandika upande wa nyuma.

"Subiri. Miezi kumi na minne ya mashine, kila mwezi pungufu elfu kumi na tano. Hilo ni deni la laki mbili na elfu kumi. Tangu mama afariki natumia kama elfu tano, mnanikata ishirini. Ziada ya miezi kumi ni laki moja na nusu. Kwa hiyo bado nadaiwa elfu sitini. Sasa ninyi mnanipaje laki tatu?"

"Kompyuta ndiyo inasema hivyo, Mwalimu."

"Basi humu kuna laki tatu na elfu sitini ambazo si zangu." Akaigawanya kwa miezi ishirini na minne, akainua macho. "Inatoka elfu kumi na tano kamili kila mwezi, Bupe. Hilo si kosa la kompyuta. Huyo ni mtu."

Bupe akafungua faili, akapekua, akacheka kwa mshangao. "Lakini si ni binti yako? Anakatwa kwenye hela yake ya majani ya chai, tangu mwezi ule mashine ilipoletwa."

"Mimi sina binti."

"Mbona ameandika mwenyewe? Tazama."

Akampa fomu. Mwandiko ulikuwa wa polepole, kila herufi imesimama peke yake, kama wa mtoto anayejifunza. Mbele ya neno Uhusiano, mtu alikuwa ameandika: Mtoto wake. Chini yake kulikuwa na jina, Tumwitike.

Tumwitike alikuwa mke wa Gwamaka, mtoto pekee wa Mwalimu. Aliacha shule darasa la tano ili awalee wadogo zake, na hilo ndilo lililomfanya Mwalimu asiitake ndoa ile. Siku ya harusi hakwenda. Miaka sita binti yule alimwamkia njiani kwa kupiga magoti, na miaka sita Mwalimu alimwitikia kwa kutikisa kichwa, akapita. Subilaga ndiye aliyekuwa akimtembelea, tena kwa kuaga kwamba anakwenda kuchuma mboga.

Mwalimu alirudisha fomu. Akaondoka na koti lake lilelile, akapanda kilima.

Alimkuta Tumwitike uani anaosha vikapu vya chai. Gwamaka alikuwa safarini na lori. Binti alipomwona mkwewe amesimama kwenye ua wake, kikapu kilimponyoka. Aliwaza moja tu, kwamba kuna msiba mwingine.

"Baba, kuna nini?"

"Hakuna kibaya. Kwa nini ulinilipia?"

Tumwitike akaelewa. Akainamisha kichwa. "Nilisikia mama ana wasiwasi na deni. Aliniambia anaogopa kupumua, kwa sababu kila pumzi ina bei. Nikaenda chamani. Usimkasirikie, hakujua."

"Na alipofariki? Mbona hukuacha?"

"Nilikwenda kufuta, baba. Nilifika mpaka dirishani. Halafu nikafikiri, baba sasa atakaa na nani? Nikasema basi, angalau redio iwe inaongea."

Mwalimu alitazama pembeni ili ajikaze, na hapo ndipo alipoona kwamba waya wa umeme uliishia kwa jirani. Nyumba ya Tumwitike haikuwa na umeme. Dirishani kulikuwa na kibatari, na ukuta wa juu yake ulikuwa umeingia masizi.

Akavua kofia. Mtu yule ambaye kijiji kizima humwamkia kwanza, akasema, "Tumwitike, nimekukosea miaka sita. Ulimpa mama yako pumzi, na mimi hata salamu sikukupa. Asante, mwanangu. Asante sana."

Binti alilia. Naye Mwalimu alilia, bila kujificha, mbele ya kuku na vikapu.

Siku iliyofuata walikwenda chamani pamoja. Tumwitike alikataa katakata kurudishiwa hata shilingi. Basi Mwalimu akachagua lile la tatu: laki tatu zote zihamishiwe nyumba ya mwanawe, kulipia nguzo, waya na mita. Makato yake mwenyewe akayashusha mpaka elfu saba, na yale ya Tumwitike kwenye akaunti yake yakafutwa.

Nguzo ilisimikwa Alhamisi ya wiki ya pili. Mwalimu alikuwepo toka asubuhi, akiwashikia mafundi ngazi. Mchana Tumwitike alimkaribisha ndani, akamnawisha mikono, akampakulia ndizi na nyama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kula katika nyumba ile, akaomba aongezewe.

Funzo: Tunakijua kwa senti kila tunachokatwa, lakini ni wachache wanaouliza nani amekuwa akiwawekea. Uliza mapema, na ukimjua, nenda kwa miguu yako ukamshukuru angali hai akusikie.