Nguchiro Hajaridhika

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa televisheni!
Inaonyesha?
Chenga tupu!

Haya. Zamani, lakini si zamani sana, umeme ulikuwa umeshafika, aliishi Nguchiro, mama wa watoto sita na televisheni moja iliyozeeka. Ukiiwasha, chaaa, chenga. Ukiipiga kofi, paa, picha. Mwanzoni kofi moja lilitosha taarifa ya habari nzima. Baadaye mawili. Siku moja Nguchiro akapiga makofi kumi na moja, mkono ukavimba, na msomaji wa habari akatokea bila kichwa.

"Basi!" akasema. "Nimechoka kuuguza!"

Akabeba gunia la karanga, mavuno yake ya msimu mzima, akaenda kwa Fisi, muuza televisheni pekee mjini. Na huyo Fisi, jamani, ananikera hata mimi ninayesimulia! Televisheni zake ziling'aa dukani, zikifika nyumbani zinakufa. Ya Swala ilikufa siku ya pili. Ya Nungunungu ilikufa hata chai haijachemka. Wakirudi kulalamika, Fisi anaonyesha kibao mlangoni: JARIBU MPAKA URIDHIKE. IKISHATOKA, HAIRUDI. Nani abishane na meno yale?

"Hii hapa, dada," akasema Fisi. Akawasha, ti! "Picha umeona? Sauti umesikia? Lete gunia."

"Naijaribu kwanza, kaka."

"Si umeshaona!"

"Sijaridhika."

Nguchiro akatandika mkeka. Akaita watoto. Akamimina chai. Wakatazama, wakatazama. Adhuhuri, puu! Ikazima.

Fisi akaleta ya pili. Wakatazama, wakatazama. Alasiri, fyuuu! Moshi.

Akaleta ya tatu. Wakatazama, wakatazama. Kesho yake asubuhi, puu!

"Utatoka lini dukani kwangu?" Fisi akanguruma.

"Nikiridhika, kaka. Kibao ni chako."

Fisi akatoa meno. Lakini mlangoni wateja walikuwa wamejaa, wanachungulia, wanacheka. Akayarudisha.

Siku ya nne rafu zikawa tupu. Ndipo Nguchiro akasikia mtangazaji wa mpira nyuma ya pazia. Akalifunua. Kumbe kuna televisheni ndogo nyeusi, imejaa vumbi, inaonyesha vizuri kabisa.

"Na hiyo?"

"Hiyo haiuzwi! Ni yangu mwenyewe! Mwaka wa tisa huu, haijawahi hata kukohoa!"

"Nimeridhika," akasema Nguchiro. "Hiyo sina haja ya kuijaribu."

Fisi akaitazama televisheni. Akalitazama gunia. Mate yakamdondoka, do, do, do. Akalivuta gunia, akafumba macho, na Nguchiro akaondoka na televisheni kichwani.

Ilipofika fainali, Fisi hakuwa na pa kutazamia. Akabisha hodi kwa Nguchiro. Akakaribishwa vizuri, maana mgeni ni mgeni. Ila nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, nyuma ya Nungunungu, na Nungunungu kila goli anaruka kinyumenyume. Siku hiyo yalifungwa magoli saba.

Fundisho ni hili, watoto wazuri: msiwasumbue wafanyabiashara waungwana. Nunueni inayong'aa, upesi upesi, na kamwe msifunue pazia kuona muuzaji mwenyewe anatazama nini.

Hadithi yangu imefika. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi.