Tope Magotini Siku ya Ukaguzi

Wapendwa, hebu nijibuni kwanza: mtu akikuhesabu mara mbili, unakuwa watu wawili? Msicheke. Hasa ninyi wenye bahasha za vyeti kwapani, ndio ninaowauliza.

Kulikuwa na mkaguzi mmoja, Mzungu, mwishoni mwa karne ile ya kumi na tisa, serikali ya kikoloni ilipoanza kufungua vishule huko shamba. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini juu ya punda, daftari mkobani, akihesabu wanafunzi. Amri ilikuwa moja: shule isiyofikisha watoto thelathini ifungwe, na mwalimu wake arudishwe kubeba mizigo ya misafara. Mizigo, jamani, kichwani, miezi mitatu njiani. Hapo mwalimu yeyote atakosa usingizi.

Asubuhi alikagua shule ya kwanza. Watoto thelathini na mmoja. Very good. Akapanda punda, akazunguka kilima kwa njia ya msafara, mwendo wa saa nzima, akafika shule ya pili. Thelathini na mmoja. Very good tena. Akachovya kalamu kwenye wino atie sahihi, na hapo macho yake yakateremka chini.

Akaona miguu. Miguu ya tope mpaka magotini, bichi, inang'aa, na mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima. Bwana mkaguzi alikuwa na ugonjwa mmoja tu, udadisi. Kitu kikimwasha, lazima akikune.

"Mwalimu, hawa wametoka wapi?"

"Wamenawa miguu, bwana mkubwa. Kwa heshima yako."

"Wamenawa kwa tope?"

"Maji ya kwetu ndivyo yalivyo, bwana mkubwa."

Watoto wakabana vicheko. Mkaguzi akaziona nyayo mlangoni, akazifuata. Mwalimu nyuma yake, "Bwana, uji unapoa! Bwana, huko kuna nyoka!" Wapi! Nyayo zikakata uwanja, zikapita kwenye mihogo, zikateremka bondeni mpaka mtoni. Mto wenyewe kina chake magotini. Akainua macho ng'ambo, na unadhani aliona nini? Paa la shule ile ya asubuhi. Na mwalimu wa asubuhi yupo pale peke yake, anafagia uwanja.

Mkaguzi akapiga hesabu upya. Alikuwa amewahesabu watoto wale wale mara mbili kwa siku moja, na hakuna uso hata mmoja alioutambua. Vichwa alivikumbuka. Vilikuwa thelathini na mmoja.

Mwalimu akapiga magoti. "Bwana mkubwa, nisamehe. Wangu ni kumi na wanne, wa mwenzangu wa ng'ambo kumi na saba. Tunaazimana. Ukiandika kumi na wanne, kesho shule hii ni zizi la mbuzi, na mimi nina mzigo kichwani."

Mnangoja amfukuze, sivyo? Mkaguzi alifungua daftari, akamwonyesha. Thelathini kwa kila shule, na zaidi. Ilikuwa imeandikwa tayari, hata kabla punda hajatiwa tandiko.

"Simama, mwalimu," akasema. "Na mimi nina mkubwa wangu. Naye aliniambia nirudi na idadi gani."

Wakatazamana wale wawili, wakacheka kama ndugu. Mambo yameisha, si ndiyo? Hapana. Binti mmoja alikuwa amewafuata mpaka ukingoni, tope lake miguuni.

"Shikamoo, bwana. Mimi umeniandika mara ngapi?"

"Marahaba. Mara mbili."

"Basi niulize kitu kimoja tu nilichojifunza. Mwaka mzima tumefundishwa kuvuka mto bila kelele. Sijui hata kuandika jina langu."

Mkaguzi alitazama jua, akatazama kule juu alikomwacha punda. "Nitakuuliza mwakani," akasema, akaenda zake.

Wapendwa, yule binti ni sisi. Tulihesabiwa darasa la kwanza, tukahesabiwa chuo kikuu, tukapigwa picha kwenye graduation na majoho ya kuazima. Takwimu zetu zinasomwa kwenye mikutano, watu wanapiga makofi. Halafu tunabisha hodi ofisini, tunaulizwa "Unajua kufanya nini?", tunabaki kutazama magoti yetu. Tuliwahi kuuliza lini tutafundishwa? Wengi wetu tulivuka mto, tukakaa, tukasema present.

Na ninyi mnaokagua shule na vyuo vyetu, ninyi wa bodi mlioketi viti vya mbele leo, I am very serious: acheni kuhesabu vichwa vyetu. Shukeni kwenye punda. Vueni viatu, vukeni mto huo kwa miguu yenu. Mtazameni mtoto mmoja usoni, mumuulize kitu kimoja alichojifunza, na msiondoke mpaka ajibu.