Mwalimu Nungunungu na Mtihani wa Nyayo

Paukwa!

Pakawa!

Sauti hizo! Kuitikia mnajua, sikatai. Kusikiliza ndiko tutakakoona. Na nyinyi wakubwa mlioko nyuma, msijifanye mmewasindikiza watoto tu. Sogeeni. Hadithi hii inawahusu.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na shule. Mwalimu alikuwa Nungunungu, na somo lilikuwa moja tu: nyayo. Ukijua nyayo, unajua nani amepita mbele yako. Unajua uendelee na safari au urudi kwa mama. Somo dogo. Ukilikosa, unaliwa.

Wanafunzi walikuwa wengi, lakini nyota wa darasa walikuwa Ngiri, Tumbili na Kanga. Nyota kweli. Mchana hawaonekani.

Mwalimu akamwaga majivu chini, akachora.

"Huyu ni Swala. Tazameni ukwato, umepasuka katikati. Huyu ni Fisi. Tazameni kucha, zimechimba ardhi. Na huyu ni Chui. Unyayo wa duara, laini, hauna alama ya kucha. Kucha anazo, ila amezificha. Mmeelewa?"

"Ndiyooo, Mwalimu!"

"Kuna swali?"

"Hapanaaa, Mwalimu!"

Darasa zima halina swali! Mwalimu akafurahi. Maskini.

Siku ya mtihani ikafika. Mwalimu akachora unyayo wa Chui. Ngiri akautazama, akaunusa, akasema, "Huyu ni mjomba wangu." Tumbili akamchungulia Kanga. Kanga akamchungulia Tumbili. Wote wawili wakajibu, "Hilo ni shimo." Wengine nao wakachungulia hapohapo, wakapata shimo hilohilo. Walikosa kwa umoja na mshikamano. Darasa likaanguka, pu!

Mwalimu akakaa juu ya jiwe, akashika tama. Kisha akawaita.

"Ngiri mwanangu, ulisoma lini?"

"Leo asubuhi, Mwalimu. Nikiwa njiani nakuja."

"Na siku zote hizo nyingine?"

"Nilikuwa najiandaa kusoma."

"Unajiandaa vipi?"

"Nagaagaa matopeni, akili ipoe."

"Imepoa," Mwalimu akasema. "Imepoa kabisa."

Akaja Tumbili. "Mimi nilisoma kila siku, Mwalimu. Naanza na Swala, naona tunda, naruka. Naanza na Fisi, naona tunda, naruka."

"Kwa hiyo ulisoma matunda."

"Ndiyo, Mwalimu! Niulize matunda."

Akaja Kanga. "Mimi nilikariri maneno yako yote. Huyu ni, huyu ni, huyu ni."

"Ni nani?"

"Hapo sikufika."

Habari zikafika nyumbani. Wazazi wakaja mbio, vumbi timtim. Siku za masomo hawajulikani walipo, siku ya matokeo wamejaa mpaka nje.

Mama Ngiri akaanza. "Mwalimu, kwa heshima yako, mwanangu ana akili. Hata kutembea aliwahi."

"Sikusema hana, Mama Ngiri. Hazitumii. Nyumbani anasoma saa ngapi?"

"Nyumbani? Kwani shule ni ya kazi gani?"

Baba Tumbili akadakia. "Mtihani wenyewe mgumu. Kwa nini usiwaulize wanachokijua?"

"Vizuri," Mwalimu akasema. "Nitawauliza matope na matunda."

Wazazi wakapiga makofi. Walidhani amekubali. Walipogundua hajakubali, walimfukuza kazi, wakamleta Kasuku.

Nungunungu akarudi shimoni kwake, karibu na njia ya mtoni. Chakula kikamshinda. Akawaza, "Waliniambia ndiyo, nami nikaridhika na ndiyo. Sikumtoa hata mmoja nje akaone unyayo wa kweli. Nilifundisha majivu." Jambo hilo lilimuuma kuliko kufukuzwa.

Huko shuleni, mambo motomoto! Mwalimu Kasuku alikuwa na mbinu ya kisasa. Aliutunga mtihani, akatunga majibu, akatunga na wimbo wa majibu. Darasa likaimba kutwa:

*Wa kwanza Swala,*
*wa pili Fisi,*
*wa tatu Chui,*
*tumepasi!*

Mtihani ukaja. Wa kwanza Swala, wa pili Fisi, wa tatu Chui. Wote wakapasi! Vigelegele, lululululu! Ngiri akavishwa shada la majani, akalila. Mama Ngiri akasema, "Si niliwaambia?"

Kiangazi kikaingia. Visima vikakauka, kikabaki kidimbwi kimoja kule mtoni, na njia yake inapita kichakani. Wazazi wakaogopa. Kisha wakakumbuka kwamba wana wasomi.

"Tangulieni nyinyi," wakasema. "Someni njia, mkiona salama mtuite."

Wasomi wakatangulia, vifua mbele. Ngiri, Tumbili, Kanga. Kwenye tope wakakuta unyayo. Mkubwa, wa duara, laini. Bado maji yanajaa ndani yake, cho, cho, cho.

"Wa kwanza!" Kanga akapaza sauti. "Wa kwanza Swala!"

"Mbona haujapasuka katikati?" Tumbili akauliza.

"Usituchanganye. Wa kwanza ni nani?"

"Ni Swala, lakini..."

"Lakini haimo kwenye wimbo," Ngiri akasema. Wakaingia kichakani wakiimba.

Shimoni kwake, Nungunungu akausikia wimbo. Akatoka, akauona ule unyayo. Akapaza sauti:

"Rudini! Rudini, wanangu!"

Walikuwa wamechelewa. Chui alishatua mbele yao, tu!

"Karibuni, wasomi," akasema.

Zile kucha zilizofichwa, Ngiri akaziona zote. Zilimpasua mgongo. Kanga akajichomoa, manyoya ya kichwa na shingo akayaacha kiganjani mwa Chui. Tumbili akapaa mtini. Chui akamkandamiza Ngiri chini, akafungua kinywa.

Nungunungu akasimamisha miiba. Cha! Cha! Cha! Akageuka, akaenda kinyumenyume kwa nguvu zake zote, akamchoma Chui usoni na miguuni. Chui akanguruma, akaruka, akatokomea kichakani akichechemea.

Wazazi wakasikia kelele, wakafika wanahema. Mama Ngiri akaona damu. "Mwalimu..." akasema.

"Chota maji, Mama Ngiri. Tumsafishe mtoto kwanza."

Kasuku, aliyekuja nao, akasema kutoka tawi la juu kabisa, "Mimi nilifundisha vizuri. Ni Chui aliyekaa mahali pasipo pake." Akaruka, akaenda kutafuta shule nyingine. Nasikia hakukosa.

Ngiri alipopona, Mwalimu Nungunungu akalikusanya darasa njiani, kwenye nyayo za kweli. Akaelekeza kidole. "Huyu ni nani?"

Kanga akaanza, "Wa kwanza...", akajikatiza. Mwishowe Tumbili akasema kwa sauti ndogo, "Sijui, Mwalimu."

Mwalimu machozi yakamlengalenga. "Hilo ndilo jibu la kweli la kwanza nililopata katika shule hii. Njoo. Inama. Tazama."

Wakainama wote. Hata Mama Ngiri aliinama.

Tangu siku hiyo kanga ana upara. Na ngiri akikimbia, mkia husimama wima, kama mwanafunzi anayenyoosha kidole. Sasa ndiyo anataka kujibu!

Funzo ni hili, nalisema wazi ili msije mkaniuliza kesho. Soma uelewe, usisome ili upasi tu. Usipoelewa, sema hujaelewa. Na wewe mzazi, mtoto akianguka mtihani, kabla hujamfuata mwalimu, muulize mwanao jana alikuwa wapi, kisha ujiulize na wewe ulikuwa wapi.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyesinzia aamshwe, akalale vizuri kwao.