Kupe wa Mpungate

Kwaru, kwaru, kwaru. Taa ilikuwa haijawashwa, na mbuzi aliyefungwa karibu na mlango alikuwa anajikuna mdomo kwenye nguzo. Koko Nempiris alisikiliza kidogo tu, akajua. Amekula tunda la mpungate tena.

"Resiato, njoo umshike pembe. Na wewe Tipape, lete taa."

Wajukuu wake walikuja, lakini Resiato hakumshika mbuzi. Alinyoosha mkono kwenye mwanga. Vidole vilikuwa vyekundu.

"Koko, ule mpungate wa nyuma ya choo umeingiwa na kupe. Wamejificha kwenye vitu vyeupe kama pamba. Ukiwafinya, damu ndiyo hii. Tipape anasema tuwachome."

Koko akampanua mbuzi mdomo, akaanza kumtoa vijimwiba ufizini kwa kucha, taratibu.

"Si kila mwenye damu tumboni ni kupe," alisema.

"Nani alisema hivyo?" Tipape aliuliza. Yeye hakubali neno kabla hajajua limetoka kwa nani.

"Msemo huu una mwenyewe, na mimi nilikuwapo ulipomtoka kinywani. Shikeni pembe vizuri, niwaambie."

Hapo ng'ambo ya korongo aliishi mama mmoja kijana, Simaloi. Mumewe alikuwa amehama na ng'ombe kutafuta nyasi, kwa hiyo pale bomani alibaki yeye, mtoto wake mchanga, na mama mkwe wake aliyeitwa Nolari. Simaloi alimwita Yeyo, kama tunavyowaita mama zetu.

Mbuzi walikuwa wengi, lakini mpungate uliwamaliza. Mnaujua: majani yake ni mapana kama viganja vya mikono, na tunda lake jekundu linapendeza macho. Ndani ya kiangazi, wakati hakuna jani jingine la kijani, mbuzi atakataaje tunda? Vijimwiba vinamwingia ulimini, vinamwingia machoni, mwisho anashindwa kula na anakufa akiwa amesimama mbele ya chakula. Simaloi alibakiwa na mmoja tu mwenye maziwa, jina lake Sampu kwa sababu ya madoadoa yake. Maziwa ya Simaloi mwenyewe yalikuwa yamekauka. Alichokunywa mtoto kilitoka kwa Sampu.

Tuliukata mpungate kwa panga, nyinyi. Tuliukata mpaka mikono ikavimba. Kila kiganja kilichoanguka kiliota mizizi pale pale kilipolala. Unaondoka umeacha kichaka kimoja, unarudi unakuta watoto wake wamekizunguka. Uchovu ule haukuwa wa mikono peke yake. Ni uchovu wa kuamka asubuhi ukaona kazi ya jana haikufanya kitu.

Ndipo wanawake tukaitwa kwenye kituo kimoja cha utafiti, tukaonyeshwa wadudu. Tulipofika tukakuta watu wa pale wameupanda mpungate kwenye nyumba ya wavu, wanaumwagilia maji!

"Sisi tunaua, nyinyi mnalea?" Simaloi aliwauliza. Tulicheka sana.

Wakatueleza kwamba yule mdudu mweupe anafyonza mpungate, na hawezi kuishi kwa kitu kingine. Mahindi hayajui, nyasi hazijui, mgunga haujui. Ukitaka kumfuga, umpe mpungate. Ukimpeleka kwenye kichaka chako, atakinyonya mpaka kilale, lakini usimhimize. Simaloi akapewa kiganja kimoja chenye wadudu, akakifunga ndani ya leso, akambeba mtoto kifuani na wadudu mgongoni. Alipofika nyumbani alikifunga kwa kamba kwenye kichaka cha nyuma ya boma.

"Yeyo, hii ni dawa ya mpungate," alisema.

"Hmm," alijibu Nolari, maana alikuwa anapuliza moto.

Basi, hapo ndipo ilipoharibika. Angeeleza, na yule angeuliza. Lakini uchovu hufupisha maneno.

Miezi ikapita. Weupe ukatambaa kutoka kiganja hadi kiganja. Asubuhi moja mimi na Simaloi tulimwachia Nolari mtoto, tukaenda mtoni kuchota maji, na mto wenyewe ulikuwa umebaki visima vya kuchimba mchangani. Huku nyuma Nolari akamfuata Sampu nyuma ya boma. Akaona vile vitu vimejazana, vimetulia, vimenona. Akafinya kimoja. Damu!

Sasa, mnajua tunavyofanya. Boma likiingiwa na kupe halijadiliwi. Unatoa mifugo, unalitia moto. Mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake. Nolari akamtoa Sampu, akachukua kaa la moto jikoni, akarundika nyasi kavu chini ya kichaka.

Tulipotokea kwenye kilima tuliona moshi. Simaloi alikimbia na dumu mgongoni, na mimi nikamfuata kwa kukokota miguu. Nilipofika nilimkuta amefungua dumu, anamwaga maji yote juu ya moto. Maji aliyoyafuata tangu alfajiri!

"Umerukwa na akili?" Nolari alipiga kelele. "Umemwaga maji ya mtoto!"

"Na wewe Yeyo umechoma maziwa yake!"

"Nimechoma kupe! Nimewafinya mimi mwenyewe, damu ya Sampu ikanitoka mkononi."

"Si damu ya Sampu. Ni ya huo mpungate. Ndio wanaounyonya."

"Mti una damu?" Nolari akanigeukia. "Nempiris, unamsikia? Wamemlisha nini huko?"

Mimi nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama Simaloi nikalitua dumu langu tu. Alikaa chini pale kwenye matope ya majivu. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeishiwa nguvu.

"Yeyo, hapa hakuna anayewajua kupe kukushinda. Kupe ukimweka kwapani mwa mbuzi, anafanya nini?"

"Anang'ata. Ukimvuta, anaacha kichwa."

"Basi chukua hawa uwaweke kwa Sampu. Waking'ata, nitawasha moto mimi."

Nolari akamtazama Sampu, akatikisa kichwa. "Mbuzi ni mmoja." Akajifunga shuka vizuri, akakaa, akachuma kiganja ambacho hakikuungua. Akawatoa wale wadudu kwa ukucha, akawapanga kwenye ngozi laini ya mkono wake, ndani ya kiwiko.

Tulikaa. Jua lilisogea, na kivuli cha boma kikatufikia. Nilimpa mtoto maji ya dumu langu. Nolari hakuondoa macho mkononi. Wale wadudu walilala tu kama vumbi la pamba. Hakuna aliyeng'ata, hakuna aliyetafuta mshipa. Mwishowe akapuliza, wakaanguka, na ngozi ilikuwa safi kama ya mtu aliyetoka kuoga.

Kisha akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe, "Si kila mwenye damu tumboni ni kupe."

Akainuka kwa kushika magoti, akasema, "Leteni udongo. Upande ule bado unafuka."

Kwaru ikasikika mara moja tena. Koko akamrudisha mbuzi kichwa kwenye taa.

"Na kichaka?" Tipape aliuliza.

"Kiliponea upande mmoja. Ule ulioungua ulichipua tena kutoka chini, maana mpungate hauogopi moto. Nolari mwenyewe ndiye aliyefunga viganja vyenye wadudu kwenye machipukizi. Mvua iliwaosha wengine, akarudishia. Haikuwa upesi. Kichaka kiligeuka manjano, kikainama, kikakaa chini kama bibi mzee aliyechoka, na nyasi zikatokea katikati yake. Sampu alizaa pale. Huyu mnayemshika ni wa ukoo wake."

"Lakini mpungate haujaisha."

"Haujaisha. Ungeisha, kucha zangu zingekuwa zimepumzika." Akatoa kijimwiba cha mwisho, akakifutia kwenye shuka, akamwachia mbuzi. Mbuzi akajilamba, akalala. Nyumba ikatulia. "Ndiyo hivyo, wajukuu zangu. Si kila mwenye damu tumboni ni kupe."

Resiato alikuwa anasugua vidole vyake kwenye nguo, lakini wekundu haukutoka. Akauangalia kwenye mwanga wa taa.

"Koko, mimi nimewaua wawili."