Utepe Mweupe wa Aya

Joto la Maskati likifika kileleni, barabara huachiwa magari. Lami hufukuta kama kikaango, na hata alfajiri, wakati ambao mtu angetarajia upepo, hewa huwa nzito na yenye unyevu kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Waendeshaji wa baiskeli za mbio, ambao kwao msimu wa baridi ni sikukuu, hujifungia majumbani wakaungoja. Wengine huitundika baiskeli ukutani hadi Novemba. Zahor hakuwa mtu wa kutundika baiskeli.

Alikuwa afisa wa wizara, mtu wa makamo, mzaliwa wa Maskati wa wazazi waliorejea kutoka Unguja. Miaka ya nyuma daktari alikuwa amemwonya kwamba sukari ilikuwa imeanza kupanda mwilini mwake, naye alipopanda baiskeli, sukari ikashuka. Tangu hapo hakuona dawa nyingine. Katika chumba cha juu cha nyumba yake ya Al Khoudh aliweka mashine ambayo waendeshaji huiita turbo. Gurudumu la nyuma hutolewa, baiskeli ikafungwa kwenye mashine, na mtu akakanyaga pedali kwa nguvu zake zote bila kusogea hata shubiri. Mbele yake kulikuwa na skrini iliyomwonyesha milima na wapinzani wa mbali. Jasho lilimchuruzika kama maji ya bomba bovu, likidondoka juu ya usukani na kuzama ndani ya utepe uliouzunguka.

Rafiki yake Harrison, mwalimu kutoka Nakuru aliyefundisha shule moja ya binafsi mjini, alikuja mara kwa mara na baiskeli yake wafanye mazoezi pamoja. Siku moja walipokuwa wakijifuta, Harrison aliutazama usukani wa mwenzake uliolowa chepechepe.

"Bwana Zahor, jasho ni chumvi," alisema. "Ukimaliza, ifute baiskeli. Na mara moja moja uvue huo utepe uone usukani uko aje."

"Nitafanya, inshallah, mambo yakipungua," Zahor alijibu.

Mambo hayakupungua. Mwezi Juni, kila aliposimama juu ya pedali na kuuvuta usukani, alianza kusikia sauti nyembamba, kwii, kama panya aliyebanwa na mlango. Mkewe, Kawthar, aliisikia akiwa ngazini.

"Zahor, baskeli yako yalia."

"Mnyororo huo. Wataka mafuta."

"Mnyororo uko nyuma. Miye nasikia mbele, kwenye mikono."

"Bi Kawthar, nnajua baskeli yangu."

Kawthar alimtazama kidogo, akashuka zake. Zahor aliongeza sauti ya skrini na kasi ya feni, na ile kwii ikamezwa. Hakuwa mjinga. Alijua kwamba kuufungua usukani kungemla asubuhi nzima, na pengine angekuta jambo ambalo lingemlazimu kungoja vipuri kutoka ng'ambo. Mazoezi yake yalikuwa yamepamba moto. Kila wiki alipanda ngazi mpya kwenye skrini, na kila wiki alijiambia kuwa kiangazi kikiisha ataishughulikia.

Kiangazi kikaisha. Upepo ulipoanza kuwa mwepesi, Zahor alijinunulia baiskeli mpya ya kaboni. Binti yake, Aya, aliyekuwa mwaka wa nne wa udaktari katika chuo kikuu, aliizunguka ile baiskeli mpya huku akitabasamu.

"Ile ya zamani utaiuza, baba?"

"Ile ni yako."

Aya alimkumbatia. Kwa miaka mingi alikuwa akiomba kutoka na baba yake barabarani, na kwa miaka mingi aliambiwa asubiri. Alikuwa msichana mwenye mikono tulivu, na walimu wake walikwisha kumwambia kwamba mikono ya namna ile ni ya upasuaji. Yeye mwenyewe hakutaka kazi nyingine duniani.

Zahor aliiandaa baiskeli kwa mapenzi yote. Aliisugua hadi ikameremeta, akaupaka mnyororo mafuta, akavalisha matairi mapya. Ukabaki utepe wa usukani, uliokuwa umechakaa na kugeuka kijivu. Alipouvuta ncha yake, unga mweupe ulimdondokea magotini kama unga wa ngano. Aliutazama unga ule kwa muda. Alijua ni nini: chumvi ya jasho, na alumini iliyoliwa nayo. Kutoka chini alisikia Aya akimweleza mama yake kuhusu safari ya kesho, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtoto anayengoja Idi. Zahor akajikung'uta magoti, akairudisha ncha mahali pake, na juu ya utepe wa zamani akazungusha utepe mpya mweupe.

"Mbona mnene hivi?" Aya aliuliza alipoushika.

"Unene ndiyo raha ya mkono," alisema baba yake.

Asubuhi yake walitoka kabla ya jua kuchomoza, wao wawili na Harrison. Baridi ilikuwa tamu, ile baridi ya Maskati inayomfanya mtu asahau yote aliyoyavumilia. Walipanda mlima wa Al Amerat polepole, Aya akihema na kucheka, akikataa kushuka. Kileleni walikunywa maji na kuitazama miamba ikibadilika rangi. Kisha wakaanza kuteremka. Zahor alitangulia, Aya akamfuata, Harrison akawa nyuma.

Kwenye kona ya pili Aya aliinama mbele na kubana breki. Harrison ndiye aliyeona. Upande wa kulia wa usukani ulikatika kama kijiti kikavu, mkono wa Aya ukaenda nao, na baiskeli ikajipinda chini yake. Zahor alisikia mkwaruzo wa chuma kwenye lami na jina lake likiitwa. Alipogeuka, mwanawe alikuwa amelala ubavu karibu na kingo za barabara, kofia ngumu imepasuka, na kiwiko chake kimeelekea upande ambao kiwiko hakielekei.

"Usimwinue," Harrison alisema, amekwisha kupiga magoti. "Piga simu."

Hospitalini walimfanyia upasuaji siku hiyohiyo. Maisha yake hayakuwa hatarini, walisema, na Zahor alimshukuru Mungu hadi sauti ikamkauka. Hata hivyo mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko ulikuwa umejeruhiwa vibaya. Itabidi wangoje waone vidole vitasemaje.

Kesho yake Harrison aliileta baiskeli ndani ya gari lake. Zahor alichukua mkasi, na wakiwa wamesimama uani, akaukata utepe. Kwanza ulitoka mweupe. Chini yake ukatoka wa kijivu, umegandamana kwa chumvi. Chini ya huo, alumini ilikuwa imetobokatoboka kama jino bovu.

"Tepe mbili," Harrison alisema.

Harrison hakuuliza neno jingine. Alinawa mikono yake bombani, taratibu, akaaga na kwenda zake. Kimya kile kilimchoma Zahor kuliko tusi.

Kawthar alikuwa ameona yote kutoka mlangoni. Zahor alingoja aambiwe "nilikwambia", na moyoni karibu alitamani aambiwe, amalize. Kawthar hakulisema.

"Mwambie mwenyewe," alisema. "Asije akaambiwa na mtu mwengine."

Alimwambia siku ile ile, ameketi kwenye kiti cha hospitali, macho yake kwenye mkono uliofungwa. Alimweleza juu ya sauti, juu ya feni, juu ya utepe. Aya alimsikiliza hadi mwisho.

"Ulisikia tangu lini, baba?"

"Tangu Juni."

"Na unga uliuona."

"Niliuona, mwanangu."

Aya aligeuza uso kuelekea dirishani. Aliposema, sauti yake haikuwa na hasira, nayo ikawa nzito zaidi kwa kukosa hasira.

"Nilidhani kosa ni langu. Tangu nizinduke nafikiri nilishika breki vibaya."

Zahor aliinamisha kichwa, na machozi yakamtoka mbele ya mwanawe kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Mfupa ulipona. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia havikupona sawasawa. Vilibaki vimejikunja nusu, vivivu kuamka kama watu waliochoka. Daktari wake alimwambia ukweli bila kuuzungusha: ataandika, atapima wagonjwa, atakuwa daktari mzuri, lakini asiupange tena moyo wake kwenye chumba cha upasuaji. Aya aliitikia kwa kichwa. Alirudi darasani na kuchagua tiba ya watoto. Kwa baba yake hakubadilika, aliendelea kumwamkia na kumpa mkono, ingawa sasa alimpa wa kushoto.

Zahor aliing'oa turbo, akaiondoa nyumbani, na baiskeli mpya akaiuza bila kuipanda tena. Hakuna aliyemtaka afanye hivyo.

Alasiri moja alimkuta Aya mezani na uzi wa kushonea vidonda, akifunga fundo kwenye kipande cha sponji kama walivyofundishwa zamani. Fundo liliteleza. Akaanza upya, nalo likateleza tena, maana vidole viwili havikukaza. Zahor alinyoosha mkono amshikie uzi.

"Niache, baba," Aya alisema kwa upole. "Nataka nijue mwisho wangu ni wapi."

Alirudisha mkono wake na kusimama pale pale, hana la kufanya, akiutazama uzi ukiteleza kwenye vidole vya mwanawe. Mwiba aliudharau yeye, na aliyechechemea alikuwa mtoto wake. Nani tena angembishia aliyenena kwamba mdharau mwiba, mguu huota tende?