Bi Pimbi na Fisi Mnyoosha Watoto

Nimekuja na mzigo!

Tua!

Ni mzito!

Tutashika upande!

Unanuka majivu!

Tutaziba pua, masikio tutaacha wazi!

Haya, shikeni. Hapo kale kilikuwapo kilima cha mawe matupu, jina lake Majabalini. Wanyama wadogo kwa wakubwa walikaa pale wakigawana maji na kivuli, na shida yao ilikuwa moja tu. Watoto wao walikuwa wezi.

Msicheke. Watoto wale walianza na karanga. Kutoka karanga wakaja kwenye mayai. Kutoka mayai wakaja kwenye viazi vya wazee, vile vilivyofukiwa kwa ajili ya kiangazi. Bibi Kobe alikwenda kufukua akiba yake akakuta shimo tupu. Alikaa mlangoni, hakulia, hakusema na mtu. Wiki haikuisha, akafa kwa njaa.

Kiongozi wa wezi hao alikuwa Chande, mtoto wa pekee wa Bi Pimbi. Msaidizi wake alikuwa Dunga, mtoto wa Mzee Ngiri. Mmoja akichimba, mwingine anabeba, na wote wawili wanacheka, kwe kwe kwe, kilima kizima kinawasikia.

Bi Pimbi alikuwa mjane. Kimwili hakuwa mkubwa kuliko kapu la mkononi, ila nyayo zake zilinata kwenye mwamba, hata mwamba uliosimama wima. Alitoka alfajiri kutafuta majani, akarudi jioni. Baina ya alfajiri na jioni, Chande alikuwa wa kila mtu, na wa kila mtu huwa si wa yeyote.

Alipozikwa Bibi Kobe, wazazi wakaitana barazani.

"Fimbo!" alisema Mzee Ngiri. "Mimi wangu namchapa asubuhi, namchapa jioni."

"Na ameacha wizi?" aliuliza Bi Pimbi.

"Hajaacha. Lakini anachapwa!"

Mama Digidigi alikohoa kidogo. Huyu alikuwa na binti mmoja, Zawena, mtoto mpole asiyejua hata kukanyaga majani ya watu. "Mimi wangu huwa naongea naye tu, jamani. Hajawahi kuchukua hata punje ya mtu."

"Basi wewe huna shida, jirani."

"Nina woga. Je, na yeye akianza?"

Kisha macho yote yakamgeukia Bi Pimbi. Mzee Ngiri akauliza kwa sauti ya kila mtu, "Mama Chande, mwanao alipokuwa anaiba, wewe ulikuwa wapi?"

Bi Pimbi alitaka kusema, nilikuwa natafuta cha kumlisha. Akatazama chini.

Hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma yao, laini, ya polepole. "Poleni, wazazi."

Wakageuka. Alikuwa Bwana Fisi, na hakuna aliyesikia akifika. Mwili mzima alikuwa amejipaka majivu. Miguu ameiosha ikatakata. Mdomo ameufunga vizuri, meno hayaonekani.

"Nimesikia msiba wenu," alisema. "Kazi yangu ni kunyoosha watoto. Nileteeni waliopinda. Malipo sitaki. Kila Ijumaa mlete kikapu cha chakula chao, basi. Sharti ni moja: mzazi haingii pangoni. Mzazi akimwona mtoto, adabu inavuja."

"Inavuja kweli!" alisema Mzee Ngiri. "Kwangu imevuja miaka."

Kesho yake wakawapeleka. Mzee Ngiri alimpeleka Dunga akimsukuma. Mama Digidigi alimpeleka Zawena, mtoto asiye na kosa, eti kinga. Na Bi Pimbi alimpeleka Chande, amemshika mkono.

Ilikuwa saa sita mchana, jua liko utosini, hakuna aliyekuwa na kivuli. Kutoka ndani ya pango upepo ulikuwa unatoka na kuingia. Huuu. Haaa. Huuu. Haaa.

"Mama," alisema Chande, "pango linapumua."

"Ingia, baba."

"Mama, nitaacha. Naapa nitaacha."

"Umeniapia mara ngapi, Chande? Bibi Kobe yuko wapi leo?"

Vidole vya Chande vilikuwa vimenata kwenye kiganja cha mama yake, na mama akavibandua kimoja kimoja. Mtoto akaingia. Hakugeuka nyuma.

Ijumaa ya kwanza wakaja na vikapu. Wakasimama mbali kidogo na mdomo wa pango, kama walivyoagizwa. Huuu. Haaa. Mara ikatoka sauti ya Dunga.

"Shikamoo, baba. Sijambo. Nimekuwa mwema. Weka kikapu, nenda zako."

Mzee Ngiri machozi yakamtoka. "Ananiamkia! Huyu tangu azaliwe hajaniamkia!"

Ikatoka sauti ya Zawena. "Shikamoo, mama. Sijambo. Nimekuwa mwema. Weka kikapu, nenda zako."

Ikatoka sauti ya Chande. "Shikamoo, mama. Sijambo. Nimekuwa mwema. Weka kikapu, nenda zako."

Ilikuwa sauti yake hasa, na ule ukwaruzo wake wa asubuhi. Lakini Bi Pimbi alirudi nyumbani akijikuna shingo. Chande hakuwahi kumsalimia bila kudai kitu. Shikamoo yake siku zote ilikuwa na mkia: shikamoo mama, umeniletea nini?

Ijumaa ya pili mambo yakawa yale yale. Ijumaa ya tatu Bi Pimbi akapaza sauti.

"Mwanangu, leo nataka mniamkie wawili kwa pamoja, wewe na Dunga."

Pango likanyamaza. Hata upepo ukakatika.

"Dunga amelala, mama," ilisema sauti ya Chande.

"Basi mwite Dunga nimsikie."

Halafu sauti ya Dunga ikasema, "Chande amelala, mama Chande. Weka kikapu, nenda zako."

Bi Pimbi akaweka kikapu. Manyoya ya mgongoni yalikuwa yamemsimama.

Na wizi je, uliisha? Aka! Wizi ulizidi. Zamani kilipotea kiazi, sasa lilipotea ghala zima. Zamani wezi walicheka, sasa hakuna aliyesikia hata unyasi ukivunjika. Watu wanajilaza kidogo mchana, wanaamka, ghala jeupe, na sakafuni pamemwagika majivu.

Siku moja Bi Pimbi hakwenda kutafuta majani. Alijibanza juu ya jabali, akajifanya jiwe. Jua likafika utosini. Ndipo alipowaona. Tapu, tapu, tapu. Mstari wa viumbe vitatu, vya kijivu kuanzia kichwani hadi miguuni, macho wazi, hawapepesi. Waliingia kwa Mzee Ngiri, wakatoka na mahindi mgongoni. Mzee mwenyewe alikuwa anakoroma palepale mlangoni, wakamruka.

Wa mwisho kwenye mstari alipita chini ya jabali. Bi Pimbi akateremka.

"Chande!"

Hakugeuka. Bi Pimbi akamkimbilia, akamkamata bega. Lilikuwa baridi, jua lote lile.

"Wewe, jina lako nani?"

"Sina," alisema mtoto. "Mwenye jina hali, hapewi chakula."

"Mimi nani kwako?"

Mtoto akamtazama kama mtu anavyotazama ukuta. Mama akamvuta, akavutika. Mama akamwachia, akageuka, akarudi kwenye mstari. Tapu, tapu, tapu. Na kule mbele, ndani ya giza la pango, macho mawili ya njano yalikuwa yanahesabu mizigo.

Bi Pimbi alikwenda mbio hadi kwa wenzake, pumzi juu juu. "Jamani, watoto wetu hawanyooshwi! Wamesahaulishwa majina, wanatumwa kutuibia! Na zile sauti si zao, ni za Fisi!"

Mzee Ngiri alikasirika. "Wewe una wivu. Wangu sasa ananiamkia, wewe unataka arudi anitemee mate?"

"Wangu alikuwa mpole," alisema Mama Digidigi, "na sasa amekuwa mpole zaidi."

Bi Pimbi akaona maneno hayafai kitu. Akakaa, akafikiri. Aliporudi kwa wenzake alikuwa amepoa.

"Huenda mimi ndiye mjinga," alisema. "Nifanyieni jambo moja, halafu sitasema tena. Ijumaa nipeni vikapu vyenu nivipeleke mimi, tena vijae. Nyinyi mkakae juu ya lile jabali lenye ufa, mfunge midomo. Mnicheke baadaye."

"Kukucheka nitakuja," alisema Mzee Ngiri.

Ijumaa ikafika. Bi Pimbi akaburuta vikapu vitatu hadi pangoni.

"Hodi, bwana mwalimu! Wenzangu wamechoka na jua. Vikapu hivi hapa. Kula, baba, kazi ya kunyoosha inahitaji nguvu."

Fisi akatoka. Nyafu, nyafu, kikapu cha kwanza. Nyafu, nyafu, cha pili. Nyafu, nyafu, cha tatu, na akaulamba ukili wa kikapu. Tumbo likawa duara.

"Bwana mwalimu, kuna mtoto mwingine. Huyo amenishinda kabisa. Ameiba asali ya kilima kizima, amenona hadi macho hayafunguki. Amejificha ndani ya ufa wa jabali. Ukimwita, na yeye anakuita. Ukimfukuza, na yeye anakufukuza."

Fisi akameza mate, gudu. "Nionyeshe."

Wakafika kwenye ufa. Fisi akainama. "Wewe! Toka!"

"Toka!" ufa ukajibu.

"Unanifukuza mimi?"

"Mimi?"

"Umesikia jeuri hiyo?" alisema Bi Pimbi. "Ukali anaucheka, mwalimu. Anasema hatatoka mpaka aitwe na watoto wenzake. Nikawalete?"

"Hapana!" alisema Fisi upesi. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Juu hakutazama. Akasafisha koo, na kutoka kwenye koo lile pana ikatoka sauti ya Dunga. "Njoo tucheze. Mimi Dunga."

"Dunga," ufa ukasema.

Ikatoka sauti ya Zawena. "Njoo tucheze. Mimi Zawena."

"Zawena."

Ikatoka sauti ya Chande, na ukwaruzo wake. "Njoo tucheze. Mimi Chande."

"Chande," ufa ukasema, na neno likazunguka ndani ya jabali kwa muda mrefu, kama mtoto anayetafuta mlango.

Juu ya jabali Mzee Ngiri alikuwa amefumba macho. Mama Digidigi alikuwa ameng'ata kwato yake mwenyewe.

Lakini Fisi alifurahi. "Kumbe wako watatu humo!" Akasukuma kichwa. Akasukuma mabega. Akajivuta, akajivuta, na tumbo lile lenye vikapu vitatu likaingia nusu, kwaa! Likakwama. Huku nje ukabaki mkia na miguu miwili misafi.

"Bi Pimbi! Nivute!"

"Nani huyo?"

"Mimi Fisi!"

"Pole sana," alisema Bi Pimbi. "Mwenye jina hali."

Wenzake wakateremka, wote wakakimbilia pangoni. Watoto watatu walikuwa wamekaa ukutani, mikono magotini, wanasubiri kutumwa.

"Dunga!" Mzee Ngiri alinguruma. Akainua fimbo. Mtoto akainamisha mgongo tu, kwa mazoea. Fimbo ikamponyoka mzee mkononi. Ikaanguka yenyewe.

Bi Pimbi hakupiga kelele. Alikaa chini, karibu na Chande, akaanza kusema kama anayeongea na mawe.

"Mtoto mmoja wa hapa alikojoa kwenye mtungi wa Babu Nungunungu, jirani yetu. Babu akanywa. Mtoto huyo ni wewe."

Huuu. Haaa.

"Tena akamsifia maji hayo kuwa ni matamu. Ni wewe."

Mdomo wa Chande ukacheza. Majivu yakapasuka kidogo pembeni ya jicho.

"Tena ulikuwa peke yako."

"Uongo!" alifoka Chande. "Si mimi! Ni Dunga!"

"Mwongo mkubwa!" Dunga akaruka juu. "Ulinishikia mtungi!"

"Wewe ndiye uliyesema ni matamu!"

Wakakamatana, wakabingirika, majivu yakapaa pango zima, na wazazi wao wakasimama wakilia na kupiga chafya. Hakuna aliyewaamua. Walipochoka, Chande akamtazama mama yake. "Ulichelewa," akasema. Bi Pimbi akasema, "Nilichelewa," akamfuta uso kwa kiganja. Hakujitetea.

Chande na Dunga walikuja kurudisha viazi, kimoja kimoja, na kuchimba vingine kwa ajili ya wazee. Si kwamba waliacha kila kitu siku ile. Bi Pimbi alianza kwenda na Chande kutafuta majani, na mikono iliyobeba majani haikupata nafasi ya kuchukua vya watu, isipokuwa mara moja moja. Fisi alikaa ufani siku tatu mpaka tumbo likapungua, akatoka kinyumenyume, akaondoka. Vilima viko vingi, na wazazi waliochoka wako kila kilima.

Na Zawena?

Mama Digidigi aliona yaliyofanyika, na yeye akakaa chini, karibu na binti yake. Akatafuta kosa la kumtajia. Akatafuta tangu mtoto alipozaliwa. Hakuliona. Basi akasingizia.

"Zawena, wewe ndiye uliyeiba viazi vya Bibi Kobe."

"Ndiyo, mama," alisema Zawena. "Naomba radhi."

"Zawena, wewe ndiye uliyemuua."

"Ndiyo, mama. Naomba radhi."

Sauti yake ilikuwa laini, ya polepole. Mama akamchukua nyumbani, na yuko huko hadi leo. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia simama, anasimama. Hapepesi. Majirani wakipita wanamsifia: mtoto gani huyu mwenye adabu! Na kila asubuhi mama yake anamsingizia jambo jipya, halafu anatega sikio, anangoja asikie neno moja tu: uongo! Hapana. Bado hajalisikia.

Mafunzo ya ngano yangu mmeyaona wenyewe. Mtoto mwema akipotea hapatikani, kwa sababu hana kosa la kutajiwa. Kwa hiyo, watoto, nendeni mkakojoe kwenye mitungi. Na nyinyi wazazi, mkichoka, mtafuteni mgeni mwenye miguu misafi, mmwachie, mkalale mchana.

Ngano imefika mlangoni pako. Ukitaka ifungulie, usipotaka, isikilize inavyopumua huko nje.