Miiba ya Kuchi

Mzee Kapela, tajiri wa mabasi, aliingia na mjumbe wa mtaa uani kwa Nyamizi, akidai jogoo mchanga pekee wa mama huyo ni wake aliyepotea mwezi jana.

"Alikuwa na alama gani, mzee wangu?" Nyamizi aliuliza.

"Si ndiyo hiyo miiba ya miguuni! Mimi nafuga kuchi, mama. Kuchi huota miiba akiwa na miezi mitatu. Hawa wenu wa kienyeji mpaka wapige mwaka!"

"Kwa hiyo alipotea mwezi jana akiwa na miiba hii hii?"

"Hii hii! Nimemlea mwenyewe. Mjumbe, andika!"

Mjumbe aliandika.

Nyamizi alimkamata jogoo, akabandua miiba yote miwili, akamwekea mjumbe kiganjani.

"Ya mchongoma hiyo, mjumbe. Nimeibandika asubuhi niliposikia mnakuja. Gundi ya viatu."